Mkataba na fundi wa nyumba: uandike kabla ya tofali la kwanza

Fundi wangu wa kwanza tulikubaliana chini ya mwembe, Chanika, kwa kushikana mikono. Shilingi milioni tano na nusu, ufundi tu, vifaa juu yangu, kuanzia msingi mpaka boma lisimame tayari kwa kupauliwa. Kila Ijumaa jioni simu inaita: "Mama, vijana hawajala, nitumie hata laki mbili." Natuma. Kuta zilipofika usawa wa linta, yaani boriti ya zege inayopita juu ya milango na madirisha, nikakaa na simu, nikajumlisha ujumbe wa M-Pesa mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa nimeshalipa milioni nne na laki tisa. Kazi iliyobaki ilikuwa linta, kozi za juu (mistari ya tofali juu ya linta), vibaraza na ngazi, karibu robo nzima ya kazi, na hela ya kuilipia ilikuwa laki sita. Wiki iliyofuata fundi akaingia mitini.

Nilipofikiri vizuri niliona kwamba hata yeye hakuwa na namna. Laki sita zisingewalipa vijana wake kwa kazi iliyobaki. Hela ilikuwa imetangulia mbele ya kazi, na hakuna mahali tulipoandika kazi gani inalipwa kiasi gani. Tangu hapo nimejenga tena, nimesimamia nyumba ya mdogo wangu anayeishi Muscat, na ndugu na majirani kadhaa wameniletea karatasi zao niwasaidie kuandika. Ninachokijua nimekiweka hapa, kwa mtu anayejenga nyumba ya kuishi Tanzania Bara.

Hatua ya 1: Amua unalipia nini

Mafundi wetu hulipwa kwa njia nne. Kuna kulipa kwa siku, yaani kutwa, ambayo inafaa kazi ndogo kama kuziba nyufa au kurekebisha chemba. Usijengee nyumba kwa kutwa, maana kazi haitaisha. Kuna kulipa kwa kipimo, kwa tofali au kwa mita ya mraba ya lipu. Kuna ufundi wa kazi nzima huku vifaa unanunua wewe. Na kuna ufundi pamoja na vifaa, ambapo unakabidhiwa nyumba iliyokamilika.

Wengi wetu tunaangukia kwenye ile ya tatu, na kwa mtu anayejenga kwa mshahara nadhani ndiyo salama zaidi, mradi una muda wa kwenda dukani na kupokea mzigo mwenyewe. Ya nne inahitaji mkandarasi wa kweli na makadirio yaliyoandikwa kila kitu: saruji mifuko mingapi na ya daraja gani, 32.5 au 42.5, nondo za milimita ngapi, bati la geji gani, mbao zimetiwa dawa au la. Ukiandika "mabati mazuri" utapata geji 32, bati jembamba, na utakosa la kusema.

Halafu usiandike mkataba mmoja wa nyumba nzima kama hela huna yote. Tunajenga kidogo kidogo, tusifichane. Andika mkataba wa msingi na jamvi (zege la sakafu), ukiisha andika wa boma, kisha wa paa, kisha wa lipu na marumaru. Ukikwama katikati, unakwama ukiwa umemaliza kipande na hudaiwi na mtu. Fundi naye yuko huru kwenda kutafuta kazi nyingine bila ugomvi.

Hatua ya 2: Kiwanja, michoro na kibali kwanza

Kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri, na anayekitafuta ni mwenye nyumba. Liandike hilo, ili siku maofisa wakija kusimamisha kazi mjue hasara ni ya nani. Hakikisha bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja, zinaonekana, na fundi azione kwa macho yake siku ya kusaini. Michoro iliyopitishwa ibanwe kwenye mkataba, kila ukurasa utiwe saini na nyote wawili. Mchoro ukishakuwa sehemu ya mkataba, maneno ya "mimi nilidhani chumba ni futi kumi" yanakosa pa kusimama.

Hatua ya 3: Mjue unayesaini naye

Kama ni kampuni, angalia mambo mawili. Imesajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara? Na iko kwenye orodha ya Bodi ya Usajili wa Makandarasi? Bodi hiyo iliundwa kwa sheria ya 1997 na husajili makandarasi wa majengo kwa madaraja saba, la kwanza likiwa la kazi kubwa kuliko zote na la saba la kazi ndogo. Uliza jina la kampuni na namba ya usajili, uhakiki mwenyewe. Usiishie kwenye nakala ya cheti aliyokuletea kwenye simu. Na anayesaini awe na mamlaka ya kuisainia kampuni. Msimamizi wa saiti si mkurugenzi.

Kama ni fundi wa mtaani, chukua nakala ya kitambulisho cha NIDA, namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake, mtaa anaoishi na jina la mwenyekiti wa mtaa huo. Cheti cha VETA ni kitu kizuri, ila wapo mafundi hodari wasiokuwa nacho. Mimi huomba nyumba mbili alizojenga, moja yenye zaidi ya miaka miwili. Naenda bila yeye, naongea na mwenye nyumba. Swali langu ni moja: alimaliza?

Hatua ya 4: Andika kazi mpaka kwenye vitu vidogo

Ugomvi mwingi niliousikiliza haukuanzia kwenye kuta. Ulianzia kwenye mirunda na maji.

Mbao na mirunda ya kufungia linta ni ya nani? Misumari na waya wa kufungia nondo? Nani anakodi mikisa ya kuchanganyia zege, na nani analipa mafuta yake? Maji ya boza nani ananunua? Hili la maji lichukulie kwa uzito wake. Zege likishamwagwa linatakiwa libaki na unyevu siku saba kwa uchache, na nguvu yake huhesabiwa kwa siku 28. Kama mkataba umekaa kimya, fundi atasema maji hayakuwepo, wewe utasema ulidhani analeta yeye, na jamvi litakuwa limeshapasuka vinyufa kama tope la mto uliokauka. Mimi huandika hivi:

"Mwenye nyumba atanunua maji. Fundi atamwagilia zege la jamvi, nguzo, linta na mkanda asubuhi na jioni kwa siku saba mfululizo baada ya kumwaga, na gharama ya mmwagiliaji imo ndani ya bei ya mkataba huu."

Andika pia nani analipa mlinzi, nani anapanga saruji stoo, juu ya mbao isiguse sakafu, na nani anaondoa kifusi. Kisha taja uwiano wa zege na uwiano wa udongo wa kujengea (saruji na mchanga) kama mchoro unavyosema. Zege la 1:2:4 maana yake ni ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto, kwa ndoo ile ile. Koleo halipimi kitu: moja hujaa, jingine huja nusu.

Hatua ya 5: Malipo

Hapa ndipo mkataba unapopona au kufa, kwa hiyo tukae kidogo.

Kanuni yangu ni kwamba hela inalipwa kwa kazi inayoonekana na kupimika. Haiandikwi "mwisho wa wiki" wala "katikati ya kazi". Tuchukulie ufundi wa boma ni shilingi 6,000,000. Mimi ningeigawa namna hii:

Kuanza, vijana na zana zikiwa saiti: 600,000
Msingi umejengwa na kujazwa kifusi kilichoshindiliwa: 1,200,000
Jamvi limemwagwa: 600,000
Kuta zimefika usawa wa linta: 1,500,000
Linta imemwagwa, kozi za juu zimeisha: 1,200,000
Vibaraza, ngazi, usafi wa saiti: 300,000
Akiba (unaibakiza mpaka muda wa kasoro uishe): 600,000

Angalia kwamba fundi hapati kikubwa mwanzoni. Asilimia kumi inamtosha kwa nauli, kibanda na chakula cha siku za kwanza. Anayedai nusu kabla ya kuchimba, wakati vifaa vyote unanunua wewe, anatafuta hela ya kumalizia kazi ya mtu mwingine. Angalia pia kwamba mpaka linta inakamilika hujamaliza hela. Kile kipande cha mwisho ndicho mafundi hukikimbia, kwa hiyo lazima kiwe na hela inayovutia.

Na posho ya Ijumaa? Usiikatae. Vijana wanakula kweli, na fundi hana benki ya kumkopesha. Iweke ndani ya mkataba: fundi anaweza kuchukua posho isiyozidi, tuseme, 150,000 kwa wiki, inaandikwa siku hiyo hiyo na kukatwa kwenye malipo ya hatua inayofuata, na jumla ya posho haiwezi kuzidi nusu ya malipo ya hatua hiyo. Nilipoanza kuandika hivi, simu za Ijumaa zilibadilika sauti. Fundi wangu wa pili alikuwa akinipigia anasema, "Mama, wiki hii nimebakiwa na posho ya sabini tu, sivyo?" Anahesabu mwenyewe.

Akiba ndiyo hela ya kasoro. Kwa boma tupu ishike miezi mitatu. Kwa paa isubiri mvua ipige, maana paa lisilonyeshewa hujui kama linavuja. Kwa nyumba iliyokamilika, miezi sita ni haki, nusu ukilipa siku ya makabidhiano na nusu muda ukiisha. Lakini ukiiandika, uilipe. Wapo wenye nyumba wanaoona akiba ni punguzo la bei, na mafundi wameshajua. Ndiyo maana wengine wanaipandisha bei tangu mwanzo.

Lipa kwa simu au benki na uandike sababu ya malipo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali kumbukumbu za kielektroniki kama ushahidi, kwa hiyo ujumbe wa muamala usiufute. Ukilazimika kulipa taslimu, fundi asaini kwenye daftari kabla ya noti kuhama mkono. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Hatua ya 6: Ukaguzi kabla ya kufunika

Weka kifungu kinachosema fundi hafuniki kitu mpaka kikaguliwe. Mambo ya kusimamia ni matatu: mtaro wa msingi kabla ya zege la chini, nondo kabla ya kumwaga, na mabomba ya maji na ya umeme kabla ya lipu. Akupe taarifa saa 24 kabla, na wewe ufike. Usipofika, aendelee bila lawama. Ni haki kwake pia.

Siku ya nondo za nguzo mimi huja na utepe. Nahesabu nondo, napima nafasi kati ya ringi na ringi (vyuma vinavyozunguka nondo kuzifunga pamoja), halafu nainama kuangalia vile vipande vidogo vya zege wanavyoviita biskuti, vinavyozuia nondo isigusane na ubao. Kwenye nyumba ya mdogo wangu nilikuta mchoro unataka ringi kila sentimita 20, na kwenye nguzo mbili za baraza utepe ulisoma 34. Fundi alikuwa ameachanisha ringi kwa kuwa zilimwishia jioni. Hatukugombana. Nilifungua ukurasa wa mchoro wenye saini yake, akaangalia, akawaita vijana. Saa moja na nusu baadaye ringi zilikuwa zimekamilika na zege likamwagwa. Bila ile saini ningebaki mwanamke anayemfundisha fundi kazi yake.

Kama una uwezo, lipa mhandisi aje siku hizo tatu tu. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kubomoa. Aliyeko Muscat, London au Toronto asiyeweza kuja saiti asimwachie ndugu peke yake kazi ya ukaguzi. Ndugu apokee mzigo na kupiga picha zenye tarehe. Kusema "kazi hii ilipwe" aachiwe mtaalamu asiye na undugu na fundi.

Hatua ya 7: Muda, mvua na mabadiliko

Hesabu siku za kazi, na siku za mvua ziandikwe kwenye daftari la saiti. Ukanda wa Pwani masika ni Machi hadi Mei na vuli Oktoba hadi Desemba. Kuchimba msingi Aprili kwenye udongo wa mfinyanzi ni kuchimba bwawa. Siku ambazo wewe umechelewesha saruji au kokoto nazo ziongezwe kwa fundi. Ukisimamisha kazi zaidi ya wiki mbili kwa kukosa hela, kazi iliyofanyika ipimwe na ilipwe, na fundi aruhusiwe kuondoka na kurudi.

Faini ya kuchelewa unaweza kuiandika, ila iwe na mantiki. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kiasi mlichotaja ni ukomo. Mahakama hutoa fidia inayofaa isiyozidi kiasi hicho. Kama unapanga nyumba kwa 300,000 kwa mwezi, andika 10,000 kwa siku na ueleze kwamba ndiyo kodi unayoendelea kulipa. Laki moja kwa siku ni kutishana tu.

Mabadiliko hayana njia nyingine ila karatasi. Jiko likipanuliwa au dirisha likihamishwa, andikeni kazi, bei na siku zinazoongezeka, msaini, ndipo nyundo inyanyuliwe. Mstari mmoja kwenye daftari unatosha.

Hatua ya 8: Ajali na kuachana

Kijana akianguka kutoka kwenye jukwaa, nani anampeleka hospitali? Mkandarasi aliyesajiliwa anatakiwa awe amejiandikisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, mwombe uthibitisho. Kwa fundi wa mtaani, kubalianeni wazi na mnunue angalau kofia ngumu, glavu na mabuti. Watu hawa ni watoto wa wenzetu.

Kuachana nako kuandikwe mkiwa bado mnacheka. Taarifa ya siku saba kwa maandishi, ujumbe wa simu ukihesabika. Mnapima kazi pamoja, unalipa iliyofanyika, anarudisha vifaa vyako, anaondoa zana zake. Msipokubaliana vipimo, mhandisi au mkadiriaji majenzi mliyemtaja kwenye mkataba anapima na gharama mnagawana. Mkishindwa hapo, mahakamani. Wengi hukimbilia polisi wakaambiwa hayo ni madai, na ni kweli: fundi kushindwa kumaliza kazi ni kuvunja mkataba. Polisi wanaingia pale mtu alipojipatia fedha kwa udanganyifu, mfano amejiita kampuni ambayo haipo.

Hatua ya 9: Kusaini

Kisheria hata makubaliano ya mdomo ni mkataba, ilimradi nyote mna miaka 18 na zaidi, akili timamu, mmeridhia kwa hiari, kuna malipo halali na kazi yenyewe ni halali. Shida ni kuyathibitisha. Kwa hiyo andikeni kwa Kiswahili ambacho nyote mnakielewa, kisomwe kwa sauti kifungu kwa kifungu. Nimeona mikataba ya Kiingereza iliyonakiliwa mtandaoni, kurasa kumi na nne, na kati ya waliosaini hakuna aliyeweza kueleza ukurasa wa tatu.

Kila mmoja alete shahidi. Wakili ni bora, hasa kazi ikiwa kubwa. Ofisi ya serikali ya mtaa inasaidia kwa kazi za kawaida. Saini kila ukurasa, andika tarehe, toa nakala mbili. Uliza pia kuhusu ushuru wa stempu, kwa sababu mkataba usiolipiwa unaweza kukataliwa kupokelewa kama ushahidi hadi ulipiwe pamoja na faini.

Hatua ya 10: Makabidhiano

Siku ya mwisho zungukeni nyumba pamoja, chumba kwa chumba, na karatasi mkononi. Fungua kila dirisha. Mwaga ndoo ya maji bafuni uone yanaelekea kwenye tundu au mlangoni. Andikeni kasoro zote na siku ya kuzimaliza. Zikimalizika na muda wa akiba ukipita, mlipe fundi palepale, kisha asaini mstari huu kwenye nakala zote mbili: "Nimepokea malipo yangu yote ya kazi hii, sidai kitu, na nimekabidhi vifaa vyote vilivyobaki." Piga picha ukurasa huo, na nakala moja aondoke nayo yeye.